Ipite Palepale Anapotazama

Jumatano, 2 Julai

Mwanangu Koku ameamka mara nne. Meno ya juu. Shule zinafunguliwa, sketi sita zimenisubiri kwenye cherehani tangu jana. Moja nimeshona kiuno nje ndani, nimefumua. Uji, nepi, dawa ya macho ya Tata. Tone moja, jicho la kushoto tu. La kulia limeshazima.

Tata amemimina chai pembeni ya kikombe na hakujua. Nimefuta kimya. Huyu ni baba yangu, aliyekuwa fundi wa ndege jeshini, aliyekuwa akifunga skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Baada ya chai akauliza, "Ade, ndege yangu umeiweka wapi?"

Juu ya kabati, tangu mwezi wa pili nilipomtoa kijijini Kishanda kuja kukaa na mimi hapa Muleba.

"Ishushe."

Nimeishusha. Mfano wa ndege ya kivita ya zamani, ya pangaboi puani. Ukiipima ncha hadi ncha ya mbawa ni kama urefu wa Koku mara mbili. Ameichonga mwenyewe miaka mitatu, mianzi na mbao laini, mifupa mitupu bado. Mota na rimoti kaka alimtumia kutoka Dar. Haijawahi kuruka hata siku moja.

Anataka iruke. Nilimwambia nina sketi. Akasema sketi hazipofuki.

Alhamisi, 3 Julai

Nimemwuliza anaona nini hasa. Akageukia saa ya ukutani. Mishale anaiona, hata ule mwembamba wa sekunde. Namba hazioni. Dunia yake yote imebaki tundu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la kalamu. Katikati ya tundu kila kitu kiko wazi kabisa. Nje ya tundu hakuna kitu.

Kwa hiyo hawezi kuifuata ndege angani. Ikihama kidogo imempotea. Amepanga hivi: atasimama rweya, kule kwenye nyasi tupu juu ya mji, alikaze jicho kwenye ule mkaratusi ulio peke yake. Mimi nitairusha. Ndege ije yenyewe, imenyooka, ipite mbele ya mti, palepale anapotazama.

Mara moja tu, akasema. Haombi mara mbili.

Mimi kurusha najua. Alinifundisha nikiwa kidato cha pili, kwa ndege ya povu jeupe. Niliivunja mara nyingi kuliko nilivyofaulu hesabu. Nilisema basi, ikienda upande nitaisahihisha kwa rimoti. Akakataa kama amechomwa. "Hiyo ni kumshika mlevi mkono! Ukiongeza mwendo anaangukia upande mwingine. Bawa na mkia vikikaa kwenye pembe zake, ndege haihitaji mtu."

Leo nimeivisha ngozi. Plastiki ya kuleminetia vyeti, nimenunua steshenari. Unaibandika kwa pasi ya mkaa, joto likiivuta inakaza kama ngoma. Bawa la kulia lilitoka vizuri. La kushoto nilimaliza chini, Koku akalia, nikaenda kumnyonyesha, nikarudi kumalizia juu na mkaa uliobaki. Limekaa. Linang'aa. Nimechoka hadi kwenye nywele.

Jumapili, 6 Julai

Misa ya kwanza, kisha rweya. Mume wangu Deo amekuja kutoka Kemondo, huwa anapakia mizigo bandarini wiki nzima na Jumapili ndiyo yetu. Alimbeba Koku mgongoni kwa kitenge changu bila aibu, ndege mikononi. Wanawake waliokuwa wanakata nyasi wakacheka hadi wakakaa chini. Mmoja akaita, "Waitu, jamani, baba nanihii! Hiyo itatushushia senene?" Deo akajibu, "Mke wangu rubani, mimi kondakta. Nauli mia mbili."

Deo akairusha kwa mkono. Nikaipa mota moto kwa rimoti.

Pua ikapanda. Nikashusha, ikapanda tena. Ikasimama kwa mkia kama mbuzi anayetaka majani ya juu, ikaishiwa nguvu, ikaanguka. Nikaiwahi karibu na nyasi. Pangaboi limekatika. Mengine mazima.

Tata alikuwa bado anatazama mkaratusi wake. Akauliza, "Pua?"

"Inapanda."

"Ukiongeza moto?"

"Inapanda zaidi."

Akatabasamu! Mimi nimeshika pangaboi lililokatika, yeye anatabasamu. Nilitaka kumpigia kelele.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wanapumzika. Sisi tumelaza ndege kwenye meza ya cherehani. Pangaboi la akiba, lililokuja na mota, nimeshalifunga.

Ameniambia kwa nini alitabasamu. Kosa linaloongezeka ukiongeza moto ni kosa la pembe, na pembe hurekebishika. Bawa limeinua paji lake, ule ukingo wa mbele, mno likilinganishwa na mkia. Kadiri upepo unavyolipiga ndivyo linavyobeba pua juu.

Tumepima kwa protrakta ya mkebe wa shule, uzi na nati ya kuning'iniza. Yeye anashika, mimi nasoma. Nilipima kwa kufuata tumbo la bawa kwa sababu limenyooka. Akanipiga kofi la mkono, jepesi. Huwa unapima kutoka katikati ya ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma, si tumbo. Tumbo linadanganya. Nikarudia. Digrii mbili na nusu. Yeye anataka mbili.

Nusu digrii. Nilidhani anatania.

Tumekata kadi nne ngumu, kadi za michango ya harusi, ndizo zimejaa kabatini. Tumezipanga mbele, kati ya bawa na kiwiliwili kilicho juu yake, tukafunga skrubu. Paji la bawa likashuka. Kwa macho sikuona tofauti yoyote. Yeye alipitisha kidole gumba akasema, "Bado kidogo kulia." Nikapima. Kweli, kadi moja ilikuwa imejikunja.

Kadi nne za harusi. Unene wa kucha. Ndio unaamua kama kitu kitakaa angani au kitaanguka. Nimeshona miaka sita na sikujua kama kuna Mungu ndani ya unene wa kucha.

Ijumaa, 11 Julai

Bukoba, kliniki ya macho. Basi la asubuhi, Koku amenitapikia bega.

Daktari amempima Tata kwa mashine ya vitaa. Unabonyeza kila ukiona kitaa. Nilikaa nyuma yake. Vitaa vilikuwa vinawaka, vinawaka, na kidole chake kimetulia tu. Nilitaka kumbonyezea.

Tundu limepungua tena. Dawa ya pili imeongezwa. Nikauliza litabaki hadi lini. Daktari ni binti mdogo, mpole, hakunidanganya. Hajui. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa wiki chache.

Tumerudi kwa basi la mchana. Kufika Kemondo Tata akasema, "Jumapili kusiwe na upepo."

Jumapili, 13 Julai

Hapakuwa na upepo.

Pua imetulia. Namshukuru Mungu na kadi za harusi. Inapanda pale ninapotaka, inakaa pale ninapoiacha. Nikaipeleka mbali, nikaigeuza, nikailenga mkaratusi, nikaachia vijiti vya rimoti.

Ikalalia kulia. Pole pole, kama mtu anayesinzia kanisani. Ikakata kona kabla ya mti, ikatupita nyuma ya vichwa. Nikarudia. Kulia. Nikarudia hadi betri ikalia. Kulia.

Tata amesimama, jicho kwenye mti, mikono nyuma kama gwaridini. Anasikia mlio umempita mgongoni.

"Imepita?"

"Haijapita, Tata."

Deo akatazama pembeni. Mimi nikajifanya namfunga Koku upya. Nilikuwa nalia. Niandike tu, nani ataona.

Jumatatu, 14 Julai

Nimejua.

Nilikuwa napima pindo la sketi, nimeishika usawa wa macho. Nikainua macho, ndege iko mezani imenipa mgongo. Ukingo wa nyuma wa bawa la kulia umenyooka. Wa kushoto, kuelekea nchani, umeshuka. Milimita mbili, labda tatu. Sketi ya hivyo mteja angenirudishia.

Bawa la kushoto limepindika, linabeba zaidi ya mwenzake, ndiyo maana ndege inalala kulia. Na limepindika kwa sababu yangu. Chini nilipiga pasi ya moto, juu pasi iliyopoa. Plastiki ya chini imevuta, ya juu imelegea. Ni mimi. Mti haukukosea, upepo haukukosea.

Sijamwambia. Siku nzima anapapasa zile kadi nne, anahesabu digrii kwa midomo, anatafuta kosa mahali ambapo halipo. Na mimi nimenyamaza. Mbaya sana mimi.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwambia wakati namtilia dawa, kichwa kimeinama nyuma, hawezi kunitazama. Nilichagua hivyo kwa woga.

Alipepesa jicho hadi tone likaisha. Kisha, "Jana ulijua?"

"Nilijua."

"Siku moja nzima."

"Siku moja nzima, Tata. Nisamehe."

"Jeshini," akasema, "ungekuwa umekula adhabu ya kufyeka uwanja." Halafu, "Washa mkaa. Huyo mtoto mpe kijiko achezee."

Tulilaza bawa juu ya meza. Akaweka vidole kwenye kona zake nne, akafumba jicho hata hilo moja. Akasema kona ya nyuma kushoto ndiyo inayosukuma meza. Ni kweli, karatasi haikupita pale, kwingine ilipita. Akashika ncha, akalipinda bawa upande wa pili, kupita kiasi kidogo, akatulia kama jiwe. "Sasa piga. Juu tu. Usiharakishe."

Nikapitisha pasi. Plastiki ikanyauka, kisha ikakaza. Joto lilikuwa linamfikia vidoleni, naliona, hakutikisika. Mikono ya mtu wa miaka sabini na moja. Tulisubiri ipoe. Akaachia. Bawa likabaki pale alipoliacha.

Tumepima. Kushoto sawa na kulia. Nimepima mara tatu kwa sababu sikuamini. Kitu ambacho macho yangu mazima yaliharibu, vidole vya kipofu vimekinyoosha. Sina neno lingine. Nimestaajabu hadi nimesahau kupika.

Ijumaa, 18 Julai

Asubuhi amesema saa imesimama. Haijasimama. Mshale mwembamba ndio hauoni tena.

Nimepeleka sare. Koku homa kidogo.

Jumapili, 20 Julai

Umande. Kimya. Ziwa kule mbali jeupe kama sahani.

Deo alimsimamisha Tata, akamwelekeza uso kwenye mkaratusi, Tata akamsogeza kwa kiwiko: "Naujua mti wangu, kijana." Deo akarudi nyuma, akatupa ndege.

Niliipeleka kushoto, mbali, hadi ikawa kama nzi. Nikaigeuza. Nikaiweka urefu wa paa mbili, mbawa sawa, moto wa katikati. Nikavuta pumzi.

Nikaachia vijiti. Vidole vyangu vyote hewani.

Haikulala. Haikupanda. Ikaja. Hakuna mtu aliyeishika, ilijishika yenyewe, imelala juu ya hewa kama mtoto aliyeshiba. Ile ndege ya vita, iliyoundwa kuua watu, inakuja pole pole juu ya nyasi, haina hasira na yeyote. Nilisahau kuwa nina rimoti. Nilisahau nimechoka. Ikafika mbele ya mti, ikapita mbele ya mti, ikaendelea. Imenyooka kama mstari wa chaki.

Deo akapiga yowe. Koku akaanza kucheka kwa sababu baba yake kapiga yowe. Ikabidi niishike ndege tena, niigeuze, niitue. Kwa hiyo sikumwona Tata. Wakati wenyewe, sikumwona.

Nilipofika kwake alikuwa bado anatazama mti. Akasema, "Nimeiona. Inatosha."

Akaomba fimbo yake. Tukateremka nyumbani. Mimi ndiye niliyebeba ndege, nikaiweka juu ya kabati.

Sasa naandika na sijui. Wiki iliyopita alisema ameliona jino la Koku, na jino lilikuwa bado halijatoka. Ananipenda. Anaweza kunidanganya kwa sababu hiyo. Deo anasema niache kujitesa, mzee kasema ameona basi ameona. Deo ana roho rahisi. Mimi sina.

Jumatatu, 21 Julai

Koku amelala hadi saa kumi na moja. Jino limetoka, dogo, kali.

Nimeshona mashati mawili. Tata alikuwa anakunywa chai, kikombe nimemshikisha mkononi. Akasema, kama mtu aliyekumbuka kitu cha kazini:

"Ade. Chini ya bawa la kulia, kwenye ncha, ngozi imeachia. Inapeperuka kama ulimi wa mbwa. Kazi ya ovyo hiyo."

Nilisimamisha cherehani.

Hajaigusa ndege tangu iruke. Tangu irushwe na Deo hadi inafika kabatini, ni mikono yangu tu. Mimi mwenyewe sikuona kitu chochote kimeachia.

Nikachukua stuli, nikapanda, nikaishusha ndege nusu, nikaigeuza tumbo. Bawa la kulia. Nchani. Kipande cha upana wa vidole viwili, kinaning'inia.

"Kipo?" akauliza kutoka sebuleni.

"Kipo, Tata."

"Haya."

Nikasikia anakunywa chai. Nimekaa palepale juu ya stuli, ndege mapajani, hadi Koku alipoamka.