Chambo Alichokula Mzee wa Kanisa

Laini ya Juu, Shamba la Chai,
Kericho.
23 Agosti 1971

Mpendwa dada Jerusa,

Pokea salamu nyingi kushinda mvua ya huku. Hujambo huko Mombasa? Shemeji Ombati hajambo? Na kikohozi cha mtoto Yunia kimepona? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi huu haina huruma.

Ulipoondoka baada ya mazishi ya Mama uliniambia, "Mwangalie Baba." Tangu nimalize shule nimejaribu, lakini alikuwa hasemi. Furaha yake ilibaki kuvua bwawani kila Jumapili, na hata hiyo ikakatazwa. Bata wawili wa mkubwa wa shamba walikufa kwa kumeza vipande vya mpira ambavyo watu hutumia kama chambo. Kepher, mlinzi wa bwawa, akaanza kufukuza kila mtu.

Basi nikafikiria chambo kisichodhuru bata. Nilichemsha kwato za ng'ombe mpaka supu ikawa nzito, nikakoroga unga wa wimbi na samli kidogo ili inukie. Nikaimimina ndani ya vikonyo vya majani ya malenge, maana vina tundu kama mrija. Asubuhi ya Ijumaa ilikuwa imeganda. Nilipopasua vikonyo, vikatoka vitu laini kama minyoo minene. Huko kwenu vingeyeyuka!

Nilivimaliza siku hiyo kwa sababu ya Sabato, nikaviweka kwenye bakuli karibu na chakula cha kesho yake. Hapo nilikosea. Baada ya ibada mimi nilibaki na wanakwaya, Baba akaja nyumbani na Mzee Bogonko wa kanisa letu, akampakulia mwenyewe. Nilipoingia mzee alikuwa akitafuna.

"Nyambeki, hii matumbo umepika vizuri, lakini umesahau chumvi."

Nilitamani kujificha. Nikasema polepole, "Mzee, hiyo ni ya samaki."

Akachungulia bakuli. "Na samaki iko wapi?"

"Bado iko bwawani."

Dada, Baba alicheka! Alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee naye akacheka, akamalizia kilichokuwa mkononi.

Jana tukapeleka vilivyobaki bwawani. Kepher alivinusa, akakunja uso. Baba akamwambia nani amevila.

"Mzee Bogonko mwenyewe? Na ako hai?"

"Leo asubuhi nimemwona anakamua ng'ombe."

"Basi bata ni nani? Mkubwa alikataza mpira, hakukataza chakula ya kanisa. Vua, Mzee Mokaya."

Tulipata kambare mmoja tu, mkubwa. Unajua hatuli samaki asiye na magamba, kwa hiyo Baba akampa Kepher ampelekee mkewe Beldina. Tukarudi mikono mitupu. Njiani Baba akanisimulia jinsi Mama alivyokuwa akimcheka kwa kuvulia majirani. Hakuwa amemtaja Mama tangu tumzike.

Mlangoni akaniambia, "Ijumaa pika tena. Na utie chumvi, pengine mzee atakuja."

Kwa hiyo dada, usilie tena kwa ajili ya Baba. Nisalimie shemeji, na umbusu Yunia kwa niaba ya babu yake. Mungu awafunike kwa mkono wake mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nyambeki