Ua la Kitenge Juu ya Mawe

Jumatatu, 1 Septemba

Maji ya kuoshea vyombo yamekwenda kwenye ua langu la mlangoni, kama kila asubuhi. Foleni ya bomba ndefu. Cherehani imevunja sindano nyingine.

Leo nimeamua. Ua linatoka kwenye bidoni, dumu la plastiki lililokatwa. Limekaa humo mwaka mzima, mlangoni, karibu na cherehani yangu, na mizizi imeanza kutoboa chini. Nikizidi kulihurumia litakufa.

Hapa mtaani Ndosho huchimbi shimo, unalivunja. Chini ya miguu ni lava tupu ya volkano, nyeusi, inakula viatu. Nimepiga mtaimbo mpaka viganja vimetoka malengelenge. Mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ameniletea mfuko wa udongo kutoka njia ya Rutshuru. Nimeumwaga wote shimoni, na majivu kidogo ya jikoni. Nimelipanda kona ya mbele, pale paseli yetu, kiwanja chetu, inapogusa barabara. Kila mpita njia alione.

Majani yake yana mabaka meupe na ya waridi juu ya kijani, na hakuna jani linalofanana na jingine. Mama Zaina, jirani aliyenipa kijiti chake, analiita kwa jina la Kifaransa. Mimi naliita Kitenge. Mimi fundi wa nguo, naita kitu ninavyokiona.

Jumapili, 7 Septemba

Shemeji Kasereka amekuja baada ya misa, kama kila Jumapili. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, Kambale. Zamani alikuwa anafanya biashara ya njia ya Butembo. Tangu njia ziharibike amekwama hapa mjini, anapanga chumba mtaa wa Katindo na mkewe na watoto. Huwa nampa chakula. Leo sombe ya majani ya muhogo na samaki.

Ameliona ua kabla hajanisalimu.

"Mama Masika, hii kintu iliingia kwa udongo?"

"Iliingia."

"Hii ni muti."

"Ni maua."

"Iko na mbao ndani. Kintu iko na mbao ni muti."

Najua vizuri anachosema. Kwetu, tangu mababu, mtu aliyekaribishwa kwenye shamba la mwingine anapanda maharagwe, mahindi, mboga za lengalenga. Vya msimu. Anavuna, anaondoka. Mti hapandi. Anayepanda mti anatangaza kwamba hapo ni pake. Ndiyo maana tangu Kambale afariki shemeji hajawahi kusema neno juu ya lengalenga zangu za nyuma ya jikoni. Hata ua likiwa kwenye bidoni halikumsumbua, maana bidoni inabebeka. Sasa limeshika ardhi.

Kwake mimi ni mgeni. Nilizaa mtoto mmoja, Masika, msichana, naye ameolewa Kisangani. Mjane asiye na mtoto wa kiume, kwa akili ya shemeji, ni mtu anayesubiri gari kituoni. Nyumba hii ya mbao tuliisimamisha wawili, mimi nikishika ubao, Kambale akipiga misumari. Mawe ya ukuta niliyabeba kichwani, na Masika tumboni. Mgeni wa namna gani huyo?

Amesema niling'oe kabla ya Jumapili ijayo. Nimemwongezea sombe. Nilikuwa nawaka hasira.

Jumatano, 10 Septemba

Nimelimwagilia mara mbili. Makusudi.

Jumanne, 16 Septemba

Jumapili imepita. Ua lipo. Shemeji hakuja. Ndiyo mara ya kwanza.

Kuna tawi limetoka kijani kitupu, bila doa hata moja. Nene, linang'aa, linawaacha wenzake nyuma. Nilikuwa nalifurahia. Mama Zaina akanipigia kelele kutoka upande wake wa ukuta: "Kata ile! Ile ya kijani itakula ingine yote!" Anasema tawi likisharudi kijani lina nguvu kuliko yale ya mabaka. Ukiliacha, polepole kichaka chote kinakuwa kichaka tu, kama vingine vyote. Watu wake ni wa Maniema, wamepanda maua tangu kwa bibi yake. Nimemwamini. Nimelikata. Imeniuma kukata lenye afya.

Wanawake wawili wamesimama barabarani kunitazama. Mmoja akasema huyu mama anakata mazuri na kuacha magonjwa. Nimewaambia kitambaa cha rangi moja kipo sokoni, wakanunue.

Jumapili, 21 Septemba

Shemeji amekuja. Chakula hakukigusa. Amekaa pembeni ya kiti, kofia mkononi, na amezungumza kwa upole, jambo lililoniogopesha kuliko kelele zake.

Ati nisifanye vita. Ati niling'oe tu, kisha nitakaa hapa mpaka siku ya kufa kwangu, hakuna atakayenigusa. "Sisi hatukufukuze, mama. Kaa tu."

Nimewaza. Nakiri. Kukaa kwa amani si kitu kidogo mjini hapa siku hizi. Lakini nikiling'oa kwa mkono wangu nitakuwa nimekubali kwamba nakaa kwa huruma yao. Nitakufa mgeni. Na siku ya mazishi yangu Masika ataambiwa achukue cherehani ya mama yake arudi kwa mumewe. Na nyumba ndiyo basi.

Nimesema hapana.

Akasema atamwita Shangazi Katungu. Huyu ni dada wa baba yao, anakaa Rutshuru. Akiongea yeye ukoo wote unafunga mdomo. Hajawahi kunipenda. Siku ya mahari alinishika viganja mbele ya watu, akasema mikono hii haijui jembe.

Nimemjibu: mwite. Nitapika.

Ijumaa, 3 Oktoba

Limetoa ua la kwanza! Jekundu. Lilifunguka asubuhi, jioni limejikunja. Ndiyo maisha yake yote, siku moja. Nimeacha kushona nikalitazama. Mteja wa gauni la harusi amenuna. Anune.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimerudi kutoka misa. Kitenge hakipo.

Kimekatwa kwa panga. Kimebaki kisiki kifupi kama kidole. Matawi yametupwa barabarani, pikipiki zinapita juu yake.

Mama Zaina alimwona. Kasereka mwenyewe, na shati lake la misa. Alikwenda misa ya kwanza ili anikute sipo. Mama Zaina alimpigia kelele, hakugeuka.

Nimelia. Nimelia kuliko siku tulipoondoa matanga ya Kambale. Naandika hivyo kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma. Nimekaa chini kwenye mawe na nguo yangu ya kanisani, nikalia mpaka pua ikaziba.

Kisha nikachoka kulia. Nikainuka, nikaingia barabarani, nikaokota kila kijiti. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, akanipigia honi. Nikamwambia kama ana haraka apite juu yangu. Alizunguka.

Nimevikata vijiti vyote chini ya fundo, kimoja kimoja, kwa mkasi wangu wa kitambaa. Mkasi huo sijawahi kuuruhusu ukate hata karatasi. Utakuwa butu. Na uwe butu.

Mimi nisingethubutu kukikata Kitenge namna ile. Yeye amenikatia. Sasa nina mbegu ya ukuta mzima.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mtaimbo tangu asubuhi. Nimepanda safu yote ya mbele, kutoka kona mpaka kona. Si mashimo marefu, mianya tu kati ya mawe, udongo mkono mmoja, kijiti, majivu. Udongo ukaisha. Mama Zaina akapitisha ndoo ya wake juu ya ukuta bila kuombwa. Mgongo umekufa.

Wanaopita wanauliza ni uzio wa nini. Nawaambia wa miti. Nawaambia kwa sauti kubwa.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua kila alasiri. Vijiti vimesimama, havijasema kitu. Viwili vimeoza. Kisiki kimya.

Shangazi anakuja Jumamosi. Silali vizuri. Naogopa, na ninachukia kuogopa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimechoka lakini lazima niandike leo hii, kabla sijaanza kuongeza chumvi.

Shangazi Katungu ameshuka kwenye basi dogo la Rutshuru na fimbo yake na kuku wake mwenyewe, maana haamini kuku wa mjini. Amezidi kupungua, macho ni yaleyale. Akaingia bila kunitazama. Kasereka akakaa kulia kwake. Wazee wawili wa ukoo walikuja pia, hao walikuja kunywa. Nikawekwa karibu na mlango.

Kasereka alisema vizuri. Ana mdomo, sijamnyima hilo. Paseli hii ni ya ukoo. Kaka alikufa bila mtoto wa kiume. Mjane tumemwacha akae, apande mboga, hakuna aliyemsumbua. Sasa amepanda mti barabarani, watu wote waone, na juzi ameongeza mingine. Wazee wakatikisa vichwa.

Mwanamke aliyeolewa hasemi katika kikao kama hicho mpaka aulizwe. Nilisubiri niulizwe. Hakuna aliyeniuliza. Nikasimama.

Nikasema nina swali moja tu kwa shemeji. Jumapili ile, alikata nini? Mti au maua?

Akasema mti. Alikuwa na haraka ya kujibu.

Nikasema: basi alikata mti ambao hakuupanda, mwenye mti akiwa kanisani, kabla ya kikao. Kama ni mti, nani kwetu anaruhusiwa kufanya hivyo? Na kama ni maua, maua si dai la ardhi. Alikuja na panga kufanya nini?

Mzee mmoja akaweka chupa chini. Kasereka akaanza kusema ni maua, ni maua tu, halafu akaona anapoelekea, akakatiza.

Shangazi alimaliza chai yake yote. Ndipo akamgeukia.

"Kasereka. Uliniita nikuje kuamua?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na mbele nifike, ukaamua weye mwenyewe na panga?"

Akawatazama wale wazee wawili.

"Mimi nilikalia mu basi toka asubuhi, na mifupa hii, nikuje kuona kisiki?"

Hapo nikaelewa kwamba kosa la Kasereka halikuwa kwangu. Lilikuwa kwa Shangazi. Mti wa mgeni, wazee wakishasema, mgeni anaung'oa kwa mkono wake mwenyewe. Panga la mtu mwingine haliingii. Kasereka alijua hilo tangu utoto. Hasira ilimpiga upofu akajifanya mzee.

Shangazi akatoka nje kwa fimbo. Akatembea safu nzima ya vijiti, wote nyuma yake. Akainama kwenye kisiki. Akauliza majani yalikuwa namna gani. Nikamwonyesha moja nililokuwa nimelihifadhi, limekauka. Akalishika kwa mbali.

"Mubaya kabisa," akasema. "Sawa vile ya ugonjwa."

Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, kwamba aliyepanda ndiye mwenye mahali. Nyumba ni ya Mama Masika, na baada yake ya Masika. Kasereka alete udongo wa kulipia mti alioukata. Nani ana neno? Wazee wakarudi kwenye chupa zao.

Alipokuwa anaondoka alinishika viganja tena. Alivigeuza, akaona malengelenge ya mtaimbo. Akaviachia, akachukua fimbo yake. Sihitaji anipende.

Jumanne, 4 Novemba

Kasereka ameleta udongo. Mifuko miwili juu ya chukudu, anasukuma mwenyewe, jasho mpaka kwenye viatu. Nilikuwa kwenye cherehani. Nikaacha aushushe. Nikamwonyesha kwa kidole pa kumwaga.

Nilifurahi. Sitajifanya mtakatifu.

Ijumaa, 14 Novemba

Kisiki kimetoa chipukizi. Kijani kitupu.

Nimelitazama asubuhi nzima. Baada ya yote hayo, kijani kitupu. Mama Zaina ananiambia nikate bila huruma. Nimekata. Kama hakuna kingine kitakachotoka, basi.

Vijiti vya safuni, vingine vimetoa vijani vidogo kama punje za mchele. Bado havionyeshi rangi.

Alhamisi, 20 Novemba

Jeupe! Kijiti cha tatu kutoka mlangoni. Jani moja, dogo kuliko ukucha, nusu jeupe. Nimemwita Mama Zaina, tumelitazama sote wawili tukiwa tumepiga magoti barabarani. Watu wamedhani tunasali.

Jumapili, 30 Novemba

Shemeji amekuja baada ya misa, pamoja na mkewe. Mara ya kwanza tangu kikao. Nimepika sombe. Wamekula. Tumezungumza mvua, bei za soko, ndoa ya mtu fulani.

Baadaye akaanza kuzunguka. Chumba cha Katindo kidogo. Nje ni mawe, hakuna hata pa kupanda kitunguu. Watoto wanahitaji mboga. Akasema yote hayo akiutazama ukuta. Sikumsaidia. Nilimwacha afike mwenyewe mpaka mwisho: kama naweza kumpa mkewe kipande kidogo, nyuma ya jikoni.

Watoto wale ni damu ya Kambale. Nilikuwa nimekwishakubali kabla hajamaliza.

"Mupande, shemeji," nikamwambia. "Maharagwe, lengalenga. Ya musimu."

Akainua macho.

"Muti hapana."

Mkewe akaficha kicheko kwenye kitenge chake. Yeye akasema sawa, mama. Sawa.

Wameondoka. Nimeosha vyombo. Maji nimeyapeleka safuni, kijiti kwa kijiti, na kidogo kwenye kisiki, ambacho kimechipua tena, safari hii na mabaka. Mawingu yapo upande wa ziwa. Kesho nimalize gauni lililo kwenye cherehani.