Kila Chumba na Wimbo Wake

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi yangu na huyo mjukuu wa Baba ambaye nasikia usingizi ni adui yake. Je, mgongo umetulia? Nilikwambia uache kubeba mizigo kama kijana, lakini wewe na kusikia ni vitu viwili. Sisi huku hatujambo. Mimi bado nasuka watu saluni, vidole vinachoka ila mdomo hauchoki, unanijua. Baba anakula vizuri, na kubisha anabisha vizuri zaidi.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu hunikatiza, na haya nataka uyasome mpaka mwisho ndipo useme neno.

Kwanza, ahsante kwa spika. Zilifika salama, pamoja na kile kikompyuta cha kuhifadhia nyimbo. Jirani yetu fundi umeme alizitundika ukutani, akaziunganisha kwa waifai, kisha akasema kazi yake imeishia hapo. Programu ya kupigia muziki tuchague wenyewe, maana programu ni kama kiatu, humchagulii mtu bila kuujua mguu wake. Mimi nikadhani ni jambo la kufumba na kufumbua. Thubutu!

Ya kwanza alinisifia mteja wangu mmoja, mwalimu wa hesabu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka. Nikaipa jina Bibi Harusi kwa mapambo yake. Kila wimbo na picha yake, maneno yanapita chini, rangi zinabadilika. Baba akaishika simu, akaipapasa kidogo, akanirudishia akisema ina mbwembwe nyingi. Nikaleta ya pili, yenye picha kubwa zaidi. Hiyo akasema inamwamulia cha kusikiliza, na yeye hajawahi kuamuliwa na mtu, hata marehemu Mama. Hapo alidanganya mchana kweupe. Sote tunajua nani alikuwa na kauli ya mwisho nyumba ile.

Nikamuuliza, basi wewe mzee wangu unataka nini? Akasema anataka aiendeshe kwa rimoti yenye vitufe vya kubonyeza, siyo kioo cha kuparaza kidole. Halafu kila chumba kiwe na muziki wake, kwa sauti ya chini, siku zote ule ule. Jikoni kinanda. Sebuleni tarumbeta. Chumbani kwake lile gitaa la polepole, na bafuni filimbi. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia wenye mitambo ya namna hii wanachohangaikia ni nyumba nzima iimbe wimbo mmoja kwa pamoja, chumba kisichelewe nyuma ya chumba, sasa yeye anataka kuigeuza nyumba kuwa soko. Akanijibu kwamba sokoni ndiko mtu anakopata anachokitafuta.

Kusema kweli nilinuna. Niliona ni ukaidi tu wa uzeeni, na mimi nafika kwake jioni nimechoka, miguu inawaka moto. Lakini Baba ni Baba. Mimi na fundi umeme tukahangaika, tukajaribu hii tukafuta, tukajaribu ile ikagoma kuijua rimoti, mpaka tukapata moja yenye sura mbaya, Mungu nisamehe. Herufi nyeupe juu ya weusi, picha haina hata ya dawa. Ila ni tiifu. Ukiiambia kinanda kikae jikoni, kinakaa jikoni. Baba aliipenda siku hiyo hiyo. Rimoti akaitia mfuko wa shati, na tangu hapo anatembea nayo.

Sasa Jumapili iliyopita nikajitia ujuaji. Baba alikuwa uani anaota jua. Nikaona nimpe raha kidogo, nikaiamuru ile programu ipige nyumba nzima ule wimbo aliokuwa akicheza na Mama. Ikakubali, wallahi. Vyumba vyote vikaimba sauti moja, nami nikatoka jikoni nikasimama koridoni kumsubiri, nimevimba kichwa, natazamia aingie akicheza.

Akaingia. Alipofika koridoni akasimama. Akageuza kichwa huku, akakigeuza kule, akanyoosha mkono kutafuta ukuta, akajigonga kwenye stuli. Kisha akaniita kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake, akaniuliza yuko chumba gani.

Kaka, nilikuwa mbele yake. Ningenyoosha mkono ningemgusa.

Baba haoni. Nakuandikia hivyo hivyo bila kuzunguka. Umebaki mwanga kidogo pembeni mwa jicho la kushoto, basi. Nimempeleka kwa daktari wa macho, naye amesema kilichokwenda hakirudi, tutunze kilichobaki. Alikuwa akituficha sote, mimi ninayefika kila siku na wewe unayempigia simu. Nililia kama mtoto. Yeye akacheka, akaniuliza kati yetu kipofu ni nani, maana mimi nilikuwa namletea asiyeona picha kubwa kubwa. Halafu akaniambia kwamba yeye ni fundi rangi, na vyumba vya nyumba ile alivipaka mwenyewe, kila kimoja rangi yake. Rangi zilipomtoroka akawa anatafuta kitu kingine cha kuvipaka. Ndipo zikaja spika zako.

Alitaka niape kwamba sitakwambia. Anaogopa utakuja umchukue mkakae naye ghorofani kwenu, ambako hajui ukuta hata mmoja. Nikakataa kuapa, tukavutana, mwisho akakubali nikuandikie kwa sharti kwamba nikuombe umwache kwake. Nami nakuomba pamoja naye. Nimeshahamia hapo na kitanda changu, kwa hiyo hatakuwa peke yake. Ungemwona asubuhi! Anatoka chumbani, anakifuata kinanda mpaka jikoni, anabandika chai, hamwagi hata tone. Pale ni baba mwenye nyumba. Kwenu atakuwa mgeni wa kushikwa mkono kwenda chooni, na hilo litamuua kabla ya siku zake. Nimesema.

Limebaki moja, nalo si langu kuliamua. Spika ya chumba chako cha zamani ipo ukutani, ila kimya. Nilitaka kuiwekea zeze, Baba akanizuia, akasema chumba kile kina mwenyewe. Nikamwambia bila muziki hatakipata. Akasema anajua. Tangu uondoke alikuwa akiingia humo kila asubuhi kukufungulia dirisha, na sasa ni siku nyingi hajaingia.

Wasalimie wote, na umbusu mdogo kwa niaba ya shangazi yake. Baba anakusalimu sana, hajui nimekuandikia na habari ya dirisha. Chagua wimbo, Kaka. Utume, au uje nao mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku