Mkalimani Anarudi Songea

Jumatatu, 8 Juni 1908
Tumeondoka Darisalama asubuhi kwa gari la moshi. Mara yangu ya kwanza! Cheche zinaingia dirishani—kanzu imetoboka mahali pawili. Barua ya serikali ninayo kifuani: nihamie boma la Songea, niwe mkalimani wa baraza, Kingoni kwa Kiswahili. Niliomba Lindi. Niliomba hata Tabora. Wamekataa.

Karibu yangu amekaa Mngoni mmoja, Pankrasi, aliyefunguliwa juzi baada ya miaka miwili ya mnyororo. Yuko na shemeji yake, Theodosia, aliyeshuka pwani kumfuata. Wanarudi kwao. Theodosia kaniuliza mimi nani. Nimesema karani, naitwa Kassimu, kwetu Kilwa. Kingoni nimesema sikijui.

Sijui kwa nini nimesema hivyo. Najua.

Jumanne, 9 Juni
Morogoro. Reli inaishia hapa. Kesho miguu, pamoja na msafara wa wapagazi.

Pankrasi kanisimulia habari za kaka yake, mume wa Theodosia, aliyenyongwa Songea baada ya vita. "Walimbatiza jana yake, wakamwita Makarius," kasema. "Jina kalitumia siku moja."

Namkumbuka. 1906. Watu wengi siku ile ya shauri, jua kali, sijala tangu alfajiri. Alisema maneno marefu: kundini alikuwemo, maji ya dawa alinyweshwa, lakini mkuki hakushika—alimbeba mama yake mgonjwa akamficha porini. Bwana wa boma, Mjerumani, akauliza, anasema nini? Nikajibu: "Anakiri alikuwako." Basi. Akaletwa mwingine.

Sijapata kuliandika hili popote.

Jumapili, 21 Juni
Iringa. Baridi. Kisigino kimepasuka.

Hawa wawili wanazungumza Kingoni mbele yangu bila kujificha. Leo Pankrasi kamwambia shemeji yake kwamba siku ya shauri alifungwa nje, chini ya dirisha. Alimsikia kaka yake mwanzo hadi mwisho. Kisha akasikia mkalimani akisema maneno mawili tu. Kiswahili hakukijua wakati ule, ila alishika mlio wake. Akajifunza Kiswahili gerezani, na siku moja, akibeba mawe bandarini, yale maneno mawili yakamfungukia.

Uso wa mkalimani hakuuona. Sauti ndiyo anayo.

Tangu mchana nasema kidogo, na kwa chini.

Jumatatu, 6 Julai
Mto Ruhuhu. Theodosia kateleza katikati, kamba ikamponyoka. Nikapiga ukelele—ashike mti ulio nyuma yake. Akashika. Kaokoka, alhamdulillahi.

Nilipiga ukelele kwa Kingoni.

Pankrasi alikuwa ng'ambo, ananitazama. Tulipotua mizigo kaniletea uji kwa mkono wake mwenyewe. Hajawahi. Nimeunywa. Ningefanyaje?

Alhamisi, 9 Julai
Ungoni. Hakuna kuku, hakuna moshi. Mashamba yamekuwa pori, nyayo za simba zimepita mlangoni mwa nyumba za watu. Waliobaki ni wachache na miguu yao ni myembamba.

Kila tunapopumzika Pankrasi anawaita waje karibu. Anawasimulia yote aliyosema kaka yake, neno kwa neno. Halafu maneno mawili ya mkalimani, kwa Kiswahili—kwa sauti yangu. Kaipata kabisa. Haninyooshei kidole. Hahitaji.

Theodosia sasa anatembea nyuma yangu, siyo mbele.

Jumamosi, 11 Julai
Songea. Milima ya Matogoro iko palepale, mji umenyamaza mno. Askari wamemkamata Pankrasi kabla hajatua mzigo. Habari zimemtangulia: anachochea watu njiani. Bwana wa sasa ni mgeni, Kiswahili anakijua vizuri, Kingoni hata kidogo. Kafurahi kuniona. Shauri litasikilizwa Jumatatu. Pankrasi kagoma kujibu kwa Kiswahili. Kasema atasema lugha ya mama yake.

Alasiri Theodosia alikuja kwenye nyumba niliyopewa. Hakukaa. Kaniuliza, kwa Kingoni:

"Karani, safari hii utayasema yote?"

Nikamwambia karibu ndani. Kaondoka.

Jumatatu, 13 Julai
Naandika nyuma ya ukuta wa boma. Nimeomba ruhusa ya kwenda haja.

Bwana kauliza: umewaambia nini watu? Pankrasi kajibu taratibu, akitua kila mara kama anayenipa nafasi. Kaka yake. Mama. Maji. Mkuki. Dirisha. Mwisho katamka jina langu, na kwetu Kilwa. Baraza limejaa, na wote wanakijua Kingoni. Wote waligeuka kunitazama. Aliyebaki hajui ni Bwana peke yake.

"Anasema nini?"

Nikasema ni maneno marefu, Bwana, naomba nitoke kidogo.

Nikiyasema yote, mnyororo alioutoka yeye ndio wangu, au zaidi. Nikiyakata, atanyongwa kama kaka yake, mbele ya watu waliosikia. Theodosia yuko mlangoni, hajakaa tangu asubuhi.

Askari ananiita mara ya pili. Nimeanza kuipanga kichwani sentensi ya kwanza, na tayari ni fupi