Riba Inayoelea

Kwako Dada mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini, wewe na shemeji, pamoja na yule mpwa wangu ambaye nasikia ameota meno mawili tu na tayari anang'ata wageni. Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Na kama habari hazijakufikia, mdogo wako ndiye anayebeba fedha zote za mji huu mabegani. Sisemi kwa majivuno. Siku nikishikwa na mafua, benki inakosa wateja, meneja anashika tama, na nasikia hata waziri mwenyewe siku hiyo halali vizuri.

Najua umeshaguna. Basi nikueleze kazi yenyewe. Mimi ni kibubu. Navaa kibubu cha sponji, chekundu, kikubwa kama kabati la nguo, na lile tundu la kutumbukizia sarafu ndilo ninalopumulia. Nacheza mlangoni mwa benki tangu saa tatu asubuhi, na anayecheka nimeshampata, maana mtu akicheka miguu yake husahau ilikokuwa inakwenda. Wamejaribu wengine wawili kukivaa. Mmoja alizimia, wa pili aliogopwa na watoto.

Barua yako nimeipata. Umeuliza kama ni kweli nyumba ya mama inataka kupigwa mnada, na umesema Alhamisi unakuja kumburuta yule karani wa mikopo mbele ya meneja mpaka afukuzwe kazi. Kuhusu nyumba, ni kweli. Kuhusu karani, nivumilie kidogo, jambo lenyewe lilianzia mbali.

Unaikumbuka ile benki yetu ya zamani, ilipokuwa peke yake mjini, yenye dirisha moja na mlinzi aliyekuwa akimkagua mtu viatu kabla ya kumfungulia. Riba ilipangwa serikalini, nayo ilikuwa ileile kwa kila mtu, ila mkopo ulikuwa wa wenye tai. Mama alikwenda mara mbili kuomba fedha za tanuri, akaambiwa alete mdhamini mwenye mshahara. Mara ya tatu mlinzi alimwuliza kama amekuja kuuza mikate.

Mwaka juzi ndipo serikali ikalegeza kamba. Redio ikatangaza kwamba kuanzia sasa kila benki itajipangia riba yake, itafungua mlango inapotaka na kumkopesha inayemtaka. Kinyozi wetu akasema mbuzi wamefunguliwa, sasa tungoje tuone ni shamba la nani. Tukamwambia anyoe watu, uchumi atuachie sisi. Mvua hazijakatika, mtaa ulikuwa na benki nne. Moja iliingia kwenye duka la viatu, nyingine kwenye ile bucha ya kona. Hiyo ya bucha ndiyo yangu. Ndoano za nyama bado ziko darini, makarani wanatundikia miavuli. Walitoa meza nje, wakawa wanatuita shangazi na mjomba kama wauza mitumba, wanagawa kalamu na kalenda. Hata yule mlinzi mkagua viatu akaanza kutuamkia.

Mama alipata mkopo wake hapo bucha kwa siku nane. Hati ya nyumba ikawekwa dhamana. Tanuri likaletwa, la chuma, milango miwili, linaoka mikate sitini kwa mkupuo, na kwa miezi sita mama alitembea mtaani kama aliyeolewa upya.

Kisha benki zikaanza kugombea wenye akiba. Huyu akitangaza faida kubwa kwa anayeweka fedha, mwenzake anaongeza juu yake, na faida hiyo haianguki kutoka mbinguni, inatoka kwa aliyekopa. Mama akaletewa barua kwamba riba imetoka kumi na moja kwa mia, imefika kumi na nne. Ikaja nyingine, kumi na nane. Sasa ni ishirini na tatu. Mama akapunguza ukubwa wa mkate. Fundi baiskeli akamwuliza kama siku hizi anauza kwa dazeni kama vifungo. Mama alicheka naye, halafu akaingia ndani akaupunguza tena. Ile benki ya duka la viatu ilikufa mwezi uliopita, walioweka akiba wakakuta kufuli. Ya kwetu imesimama, lakini imeingiwa na hofu na haimngojei mtu. Mama amekosa rejesho miezi miwili. Akikosa na mwisho wa mwezi huu, nyumba inanadiwa na tanuri lake ndani. Alhamisi meneja amekubali kumsikiliza.

Hayo ndiyo ya huku. Mama anakusalimu, anasema umtafutie mjukuu wake mapaja ya kung'ata, yake yamezeeka. Kinyozi anakusalimu pia, na siku hizi hatumwambii tena anyoe watu.

Ningeishia hapo, Dada, ila nimeona kalamu bado ina wino.

Alhamisi ukija, karani usimguse. Ni yule binti mwembamba, mtaani tunamwita Miwani. Mama amekuambia kwamba karatasi ilisomwa haraka haraka na hakuna aliyemwelewesha. Mama ananifichia aibu yangu. Siku ile Miwani aliweka karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa ya riba isiyobadilika, kumi na nne kwa mia mpaka mwisho wa deni. Nyingine imeandikwa riba inayoelea, ikianzia kumi na moja. Akavuta kiti ili amweleze mama tofauti yake. Nilimkatiza. Nilimwambia asijisumbue, mama amekuja na msomi wake, na mimi ni mtu wa benki kama yeye. Wiki ya pili tu hiyo nimevaa kibubu.

Mama akaniuliza kuelea ndiyo nini. Nikamwambia, mama, kitu kinachoelea hakizami, cha kuogopa ni kinachozama. Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mimi nikazidi kuvimba. Miwani hakucheka. Alituuliza kama kweli jambo limetuelea, na kama halijatuelea tuchukue karatasi zote mbili nyumbani, tusome siku saba, hakuna haraka. Mama alinitazama mimi, mtoto uliyemlipia ada mpaka kidato cha pili. Nikasema limetuelea kabisa. Mama akaweka sahihi.

Hiyo ya kumi na nne tungeilipa, Dada. Nimepiga hesabu mara nne, na mara zote tungeilipa bila kuugusa mkate.

Alhamisi nitaingia kwa meneja pamoja nanyi, nami nitayasema haya mbele ya Miwani. Pengine yatasaidia, pengine hayatasaidia, lakini yule binti asipoteze kazi kwa mdomo wangu. Ufike salama, na unisalimie wote hapo nyumbani kwako.

Nyumba ya mama haikuponzwa na serikali, wala na benki. Lile neno halikunielea hata kidogo, nikaona haya kuuliza.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho