Jina Ulilompa Mwanao

Mwanangu Kabula,

Naandika mwenyewe, kwa hizi herufi za elimu ya watu wazima ulizokuwa ukizicheka. Usicheke sasa.

Pamba tumemuuzia mnunuzi binafsi. Lori lake limeandikwa Bijou. Saluni mpya ya Bariadi, Bijou. Hata duka la vitenge kule Binza. Tangu mambo yawe ruksa, kila mwenye kopo la rangi anaandika hilo neno la Kifaransa, na ukimuuliza maana yake anakodoa macho. Wewe angalau ulijua. Yule mama wa vitenge kutoka Zaire alikwambia ni kito, ukarudi nalo ukampa mtoto.

Nami nikakuaibisha mbele ya majirani waliokuja kumwona mtoto. Basi la Mwanza lenye jina hilo lilikuwa limeshaanza kupita, nikasema, "Umenizalia mjukuu au umenizalia basi?" Wakacheka. Wewe ulimfunika mtoto kanga ukaingia naye ndani.

Halafu mtoto akawa analia sana. Nikasema ni marehemu mama yangu, anadai jina lake. Ulipokwenda kupalilia, nikamfunga mtoto ushanga mkononi nikamwita Milembe. Akatulia, nikatangaza kijiji kizima. Sikusema kwamba nilimnywesha uji kwanza. Alikuwa na njaa, Kabula. Njaa tu. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Ulipougua uliniomba kitu kimoja. "Mayu, mwite nilivyomwita mimi. Mara moja, nisikie." Nikakwambia kunywa dawa, acha upuuzi. Kichwa changu hiki kigumu.

Mwaka huu nilimwandikisha darasa la kwanza kwa jina la Milembe. Mwalimu akiita, haitiki. Nikaitwa shuleni kuambiwa mtoto ana kiburi. Nikamkaripia njia nzima, naye akanijibu taratibu, "Bibi, mama hakuniita hivyo." Alikuwa na miaka mitatu ulipoondoka. Nilidhani amesahau.

Jana nimerudi kwa mwalimu, akalikata jina lile, akaandika upya. Kisha nikasimama uani nikamwita, Bijou. Ulimi ulikuwa mzito. Aliitika mara ile ile, akaja mbio. Nikakosa la kumtuma.

Ungesikia. Ilikuwa kazi ndogo hivyo.

Pumzika, mwanangu. Nitamwita hivyo mpaka nikufuate huko. Jina lenyewe bado silipendi.

Mama yako.