Wimbo wa Kambo

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia ua. Nimemsaidia Mama Mdogo, ninayekaa kwake hapa mjini, kukaanga mikate ile ya mviringo ya kuuza. Sikuila. Shuleni yale yale: nikiingia darasani, Solange anasema, "Boti inatia nanga." Wanacheka. Mapumziko wasichana walicheza nzango, wawili wawili wakitazamana, wakiimba na kushindana kutupa mguu. Hawakunichagua. Eti nikiruka nitapasua kiwanja.

Kule Kirungu, milimani Moba nilikolelewa, nilichaguliwa wa kwanza. Tuliimba, tukaruka, tukapiga makofi, tukatupa mguu mbele mpaka jua linazama nyuma ya vilima.

Jumatano, 5 Machi
Tangu jana sijala. Kichwa kinauma. Nataka kupungua, nichaguliwe. Basi.

Ijumaa, 7 Machi
Kambo, bibi yangu aliyenilea, amefika kutoka Moba. Hakuningoja nyumbani. Alinifuata hadi mlango wa shule, akanishika mashavu mbele ya wote. "Mutoto yangu, umenona! Uko muzuri sana."

Kwetu hiyo ni sifa, unatunzwa vizuri. Hapa ilikuwa aibu. Solange alirudia maneno yake njia nzima. Nimemchukia Kambo. Kweli kabisa.

Jumamosi, 8 Machi
Kambo ameniona nasukuma bugali pembeni. Akauliza. Nikamwambia yote, hata lile jina la Boti. Alidhani pale mlangoni amenipa zawadi.

Kisha akakaza kitenge, akavua kandambili, akasimama mbele yangu uani. "Njoo. Turuke."

Magoti yanamuuma, najua. Aliimba ule wimbo wetu wa kuteremka kuchota maji, sauti ikikwaruza. Nikaona tena njia ya mlimani, baridi ya asubuhi, yeye mbele na ndoo kichwani, mimi nyuma nikirukaruka. Mwili huu huu, na hakuna aliyeucheka. Nimelia. Halafu nikala, nikashiba.

Jumatatu, 10 Machi
Sikungoja kuchaguliwa. Nilisimama kwenye mstari, uso kwa uso na Solange. "Boti," akasema. Nikaanza wimbo wa Kambo. Nikaruka, nikatupa mguu mbele.

Solange ameshinda. Baadaye wasichana wawili wameniomba niwafundishe wimbo. Kiwanja hakijapasuka.

Jumanne, 11 Machi
Kambo amerudi Moba. Nyumba kimya.

Nimefagia ua wote, ila pale tuliporuka. Nyayo zake ndogo, zangu kubwa, zimechanganyika. Mama Mdogo ametoka na beseni la mikate. Ameziona, akapita kando.